Chupa za Uzi Mweupe

Sajenti alikuwa ameshaimaliza kesi kabla Inspekta hajashuka kwenye gari. Alimpokea getini na kummwagia yote kwa mkupuo mmoja: mama mwenye nyumba hutengeneza mvinyo wa forosadi, safari hii kazidisha matunda kwa tamaa ya mvinyo mzito, chupa imeshindwa kuvumilia, ikapasuka mikononi mwa mgeni wake. Mgeni ni mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo karibu. Yuko hospitali, na madaktari wametoa vipande vya kioo kwenye jicho lake la kulia. Uzembe mtupu. Kilichobaki ni kumchukua mama huyo na kufunga jalada, maana mkuu wa kituo alitaka limfikie mezani jioni hiyo hiyo.

Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho. Kituoni walimwita Mama Taratibu, na si wote waliomwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa mwanamke wa makamo, asiyeonja kileo, mwenye uwezo wa kuutazama ukuta mtupu kwa muda ambao wengine huutumia kuchemshia maharage.

"Hilo jalada lina miguu?" akauliza.

"Halina, afande."

"Basi halitakimbia. Nionyeshe chumba."

Kufika huko walipita sebuleni, na sebule yenyewe ilikuwa karakana. Mume wa nyumba ile alikuwa fundi saa. Saa za ukutani zilijaa pande zote, kila moja ikitembea kwa mwendo wake, na yeye alikuwa ameinamia meza yenye taa, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akiokota gurudumu dogo kwa kibano. Aliwasalimia kwa adabu, akawaomba radhi kwa kutosimama, maana akisimama kila kitu kitadondoka. Inspekta alimuuliza kama alikuwapo chupa ilipopasuka. Alikuwapo, pale pale mezani. Alisikia kishindo, akadhani rafu imeanguka. Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema, kwa kuwa yeye na mvinyo walikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Hayo yalikuwa mambo ya mke wake na mwalimu. Neno "mwalimu" alilitamka polepole kidogo kuliko mengine, kisha akarudi kwenye gurudumu lake.

Stoo ilikuwa nyuma ya jikoni, chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye rafu za mbao na harufu ya matunda yaliyochachuka. Chupa zilikuwa zimepangwa kwa makundi manne. Kila chupa ilifungwa uzi wa sufu shingoni, kundi moja uzi mweupe, la pili wa njano, la tatu mwekundu, la nne mweusi. Vizibo vyote vilifunikwa nta, na juu ya nta kulikuwa na waya uliosokotwa kuzunguka shingo ya chupa ili kizibo kisiruke.

Inspekta hakugusa kitu. Alisimama akautazama ukuta, mahali mvinyo ulipotapakaa na kukauka. Doa lilikuwa la waridi hafifu, kama maji ya kusuuzia nguo nyekundu. Kisha akamulika tochi nyuma ya chupa moja yenye uzi mweusi, na mwanga haukupita. Akamulika yenye uzi mweupe, mwanga ukapita wote.

"Umesema alizidisha matunda," akamwambia Sajenti.

"Ndivyo alivyosema mwenyewe."

"Mvinyo wenye matunda mengi ungeacha doa jeusi hapa."

Akachutama kwenye beseni la vigae vilivyofagiliwa. Shingo ya chupa iliyopasuka ilikuwa nzima, kizibo bado kimo, waya bado umekaza. Uzi wake ulikuwa mweupe. Alitazama tena rafuni na kuziona chupa mbili za uzi mweupe zilizosalia. Vizibo vyake vilikuwa vimejitutumua hadi nta ikapasuka na waya ukazama ndani yake. Vizibo vya makundi mengine vilikuwa vimelala kimya.

Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Majirani walimwita Mama Forosadi kwa ajili ya mti uliokuwa uani kwake, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya zambarau isiyotoka kwa sabuni. Alikuwa amelia mpaka macho yakavimba. Kabla hajaulizwa chochote alisema amempofusha mtu, kwamba alionywa kuhusu kilo nne akakaidi, na kwamba afande amchukue tu.

"Uzi mweusi ni kilo ngapi?" Inspekta akauliza.

"Nne."

"Na mweupe?"

"Moja."

"Chupa iliyopasuka ni ya uzi mweupe, mama."

Mama Forosadi aliinua kichwa. Tangu ajali itokee hakuwa amerudi stoo. "Haiwezekani," akasema. "Hiyo ni nyepesi. Hiyo hata mtoto ungemwachia aibebe."

Alipoanza kueleza kazi yake, kilio kilikauka chenyewe. Alitumia mitungi minne ya kioo, maji kiasi kile kile, sukari kiasi kile kile, hamira kijiko kile kile. Matunda tu ndiyo yaliyotofautiana: kilo moja, mbili, tatu, nne. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, alisema, hutajua ni lipi lililokupa jibu. Hilo alifundishwa na mwalimu. Mwalimu alishikilia kwamba matunda machache hutoa mvinyo msafi, yeye alishikilia kwamba mvinyo ni matunda, ukiyapunguza umebaki na maji yenye kiburi. Kila Jumamosi walibishana hapo jikoni, wakipima, wakionja, wakichekana. Uzi mweupe ulikuwa upande wa mwalimu, uzi mweusi upande wake. Jumapili wangewaita watu waonje, ubishi uishe.

Kwenye neno "wakichekana" Sajenti alikohoa. Inspekta alimtupia jicho, kikohozi kikapona.

"Na hii tabu yote ya kupima, mama, ni ya nini? Ungetengeneza mmoja tu ukanywa."

Mama Forosadi alisema mti wao ulipozaa mara ya kwanza, alitengeneza mvinyo bila mizani, kwa viganja tu. Ukatoka mvinyo ambao hajaupata tena mpaka leo. Miaka yote hii amekuwa akiutafuta. "Safari hii nilikuwa nimeupata," akasema. "Bilauri ya kwanza ya Jumapili nilikuwa nimeshampangia mwenyewe."

Inspekta hakumuuliza huyo mwenyewe ni nani. Alidhani jibu liko wazi, na Sajenti aliyekuwa akihesabu nyufa za dari alidhani vivyo hivyo.

Kufungua chupa iliyovimba si kazi ya papara. Mama Forosadi alisimama mlangoni na kuelekeza, Inspekta akavaa glavu na kutenda. Chupa moja ya uzi mweupe ililetwa jikoni, ikalazwa kwanza kwenye ndoo ya barafu mpaka ikapoa kabisa, kwa sababu hewa ya ndani hutulia ikipata baridi. Kisha ikazungushiwa taulo mara mbili. Sajenti, askari shujaa, alichagua kulinda usalama wa upande wa pili wa mlango. Waya ulipolegezwa, kizibo kilitoka na mlio wa kukwaruza, povu likafuata na kumwagika juu ya taulo. Inspekta alijaza bilauri moja, akaisogeza kwa mama.

Mama hakunywa, alinusa tu, akatazama vipovu vinavyopanda. "Huu umetiwa sukari," akasema. "Baada ya kufungwa. Hamira ilikuwa imelala, ikaletewa chakula, ikaamka. Ikila inatoa hewa, na hewa haina pa kutokea. Nani afanye hivyo? Mtu yeyote anayejua mvinyo anajua kwamba hilo ni bomu."

"Na kama usingefunga kwa waya?"

"Kizibo kingeruka tu. Waya nilifunga kwa usalama." Akauma midomo.

Inspekta alipeleka kizibo dirishani. Alibandua nta yote, na katikati ya kizibo akaona kitundu chembamba kilichoshuka wima mpaka chini. Akamwonyesha mama ile nta. Mama akaigeuza kiganjani na kusema si yake. Yeye huimwaga kutoka kwenye mshumaa na kuiacha itiririke inavyopenda. Hii, ukiacha ufa mpya, ilikuwa imelainishwa ukingoni, haina hata kovu.

"Sindano," Sajenti akasema kutoka mlangoni, na uso wake ukang'aa. "Afande, mke wa mwalimu ni muuguzi."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Inspekta hakuwa na la kumbishia. Aliifunika bilauri kwa kisahani, akaiacha mezani pale pale, akamwambia Sajenti ailinde kama mboni ya jicho lake. Kizibo akakitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaenda hospitali.

Muuguzi alikuwa kwenye benchi la ukumbini, bado amevaa sare, mgongo umenyooka. Hakujifanya. Inspekta alipomuuliza kama aliwahi kuwa na neno na Mama Forosadi, alijibu kwamba neno lilikuwa moja tu nalo ni chuki. Kila Jumamosi mume wake aliamka mapema, akanyoa ndevu, akaenda kwa jirani kupima matunda. Nyumbani alirudi na harufu ya forosadi na hadithi. Chakula chote cha jioni kilikuwa mama yule kasema hivi, mama yule kabisha vile.

"Unajua afande ni kitu gani kinauma?" akasema. "Si kwamba alimgusa. Najua hakumgusa. Kinachouma ni kwamba kule anacheka. Huku kwangu analala."

"Sindano unazo."

"Ninazo nyingi kuliko vijiko."

"Mtu akitia sukari kwenye mvinyo uliokwisha kufungwa, inakuwaje?"

Muuguzi alimtazama kama anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Unapasuka. Nimehubiriwa hilo mezani kwangu mpaka naliota. Hamira, hewa, chupa, pu." Kisha akaelewa swali lilikokuwa linaelekea, na sauti ikashuka. "Kwa hiyo mimi, ninayejua kwamba unapasuka, ninayejua kwamba ni yeye huzishika, nimlipue mume wangu mwenyewe? Ningetaka kulipua mtu, afande, ningechagua chupa za uzi mweusi. Za yule mama."

Mlango wa wodi ulifunguliwa na daktari akatoka. Jicho litabaki, alisema. Litaona, ila si kama zamani. Muuguzi aliyekuwa amekaa wima kutwa nzima aliinama, akafunika uso kwa kofia yake ya kazi, na Inspekta akaondoka bila kuaga.

Njiani alilipanga jambo lile kichwani. Aliyetia sukari ni mtu wa aina moja kati ya mbili. Ama alijua mvinyo vizuri na alitaka kuua, ama hakujua chochote na alitaka kitu kidogo tu. Wanaojua ni watatu. Mmoja yuko kitandani na bandeji. Wa pili hawezi kumlipua mtu anayemlilia. Wa tatu ni Mama Forosadi, naye asingetia sumu kwenye chungu alichohangaika nacho miaka yote. Alibaki asiyejua.

Jikoni Sajenti alikuwa ameketi mbele ya bilauri, mikono amekunja kifuani, macho yamekodoka. Povu lilikuwa limekwisha. Inspekta aliinua kisahani, akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Juu ya mvinyo yalielea macho madogo mawili matatu, ya duara, yakimetameta rangi zote mwanga ulipoyapiga.

"Mafuta," akasema.

"Labda ya kupikia. Si tuko jikoni?"

Inspekta alichovya ncha ya kidole, akasugua na dole gumba, akanusa. Yalikuwa mepesi mno, hayana harufu yoyote, na hayakunata. Sindano ya hospitali hutoka kwenye pakiti yake safi, haijui mafuta. Hii ilikuwa na kazi nyingine kabla ya kazi ya sukari. Mlio wa saa za sebuleni ulisikika kupitia ukutani, nyingi mno, kila moja na haraka yake.

Fundi alikuwa amelirudisha gurudumu mahali pake na sasa alikuwa anafuta kioo cha saa kwa kitambaa. Inspekta alivuta kiti cha wateja akaketi. Aliuliza anatumia nini kutia mafuta kwenye vifaa vidogo namna ile. Fundi akamwonyesha, kwa fahari kidogo ya mtu anayependa kazi yake: bomba la sindano, lenye sindano ndefu iliyokatwa ncha. Unaweka tone pale unapotaka, wala si pembeni yake.

"Mkono wako ni mwepesi," Inspekta akasema.

"Ndiyo kazi yenyewe, mama."

"Nina swali la kijinga, unisamehe, mimi sinywi. Mtu akitia sukari kwenye mvinyo ulio ndani ya chupa, unakuwaje?"

Fundi hakuwaza hata kidogo. "Unakuwa mtamu kupita kiasi," akasema. "Unachefua."

Inspekta alimtazama tu. Fundi aliendelea kufuta kioo kilichokuwa safi. Polepole kitambaa kikasimama. Akakivua kile kioo cha kukuzia, ambacho alikuwa amekisahau kwenye paji la uso, akakiweka mezani kwa uangalifu wa mtu anayeweka yai.

"Mwalimu hataona sawasawa kwa jicho lile," Inspekta akasema. "Na mke wako yuko jikoni anasema ni yeye kamfanya hivyo. Anataka nimchukue. Mkuu wangu naye anataka nimchukue. Nikitoka hapa bila neno lako, nitamchukua."

"Ningekuja," fundi akasema. "Nilikuwa nasubiri kusikia habari za jicho."

"Ulikuwa unasubiri huku analia."

Fundi alikikunja kile kitambaa. Alieleza kilichobaki akiitazama mikono yake. Alichemsha sukari na maji. Alifyonza mvinyo kidogo kwanza, ili kimo cha mvinyo kisibadilike, kisha akaingiza sukari, akaziba kwa nta na kuinyoosha kwa ncha ya chuma cha moto, akarudisha waya. Chupa tatu za uzi mweupe, hakugusa nyingine. Kwamba uzi mweupe ni wa mwalimu alijua, alisikia kila Jumamosi kupitia ukuta ule. Alisikia kila neno.

"Ulitaka kumfanya nini mwalimu?"

"Yeye, hakuna. Wallahi sikujua kwamba inapasuka. Nilitaka Jumapili mke wangu aonje mbele za watu, mvinyo wa yule mtu utoke mbaya, halafu amcheke. Amcheke kwa dharau, mara moja tu. Anavyocheka naye siku zote, na mimi hacheki hivyo. Nilitaka nisikie kicheko kingine."

Saa mojawapo ikagonga, nyingine zikaifuata kwa zamu, kila moja kwa wakati wake, na walisubiri zinyamaze. Zilipokoma, Mama Forosadi alikuwa amesimama kwenye mlango wa kutoka jikoni, bilauri na kisahani chake mikononi, Sajenti nyuma yake akinong'ona kwamba amejaribu kumzuia.

Hakupiga kelele. Alikuja akaviweka juu ya meza ya fundi, katikati ya vibano na magurudumu.

"Ulisema wewe," akamwambia mume wake. "Mwaka ule mti ulipozaa mara ya kwanza. Ulikunywa ukaniambia, mke wangu, huu usiubadilishe. Halafu mimi sikujua nilitia kiasi gani. Umesahau?"

Fundi alitikisa kichwa, na haikujulikana kama alikuwa anakana au anakubali.

"Nikadhani ulikuwa na matunda mengi. Kila mwaka naongeza, nakuletea, unasema mzuri, unarudi kwenye saa zako. Mwalimu ndiye aliyeniuliza: mti ukizaa mara ya kwanza huzaa nini? Huzaa kidogo. Kiganja kimoja, viwili." Aliigusa ile bilauri kwa kidole chenye rangi ya zambarau. "Nilionja ule wa kilo moja mwezi uliopita. Ndio wenyewe. Nikamwambia mwalimu asimwambie mtu. Ndio tulikuwa tunacheka, baba. Tulikuwa tunakucheka wewe, utakavyoshangaa Jumapili."

Inspekta alisimama, akamwashiria Sajenti aandae gari. Alikuwa amepata kila kitu alichokuja kutafuta, na hakukifurahia. Mama atalala nyumbani kwake usiku huo. Jalada litamfikia mkuu mezani, lenye jina lingine.

Fundi hakuinuka. Alikuwa anaitazama ile bilauri, ule mvinyo mwepesi wa waridi na macho ya mafuta juu yake. Akanyoosha mkono, akaomba aonje, hata tone moja.

Inspekta aliisogeza bilauri mbali naye na kuifunika kwa kisahani.

"Haiwezekani," akasema. "Hiki sasa ni kielelezo."